Ukuta wa Bafuni Umegoma Kukauka

Jamani, sogeeni niwape umbea wa moto! Asubuhi nimefika kwenye benchi la kahawa, kona yetu ya mtaa wa Gerezani, nikakuta kesi imepamba moto, na kesi yenyewe ya bafu langu. Nyumba nzima tuna bafu moja tu, mimi na wapangaji wangu. Jumapili wazee wa mchumba wake Ritha, mtoto wa kaka yangu, wanaleta posa. Nikasema hawanikuti na yale marumaru ya kubanduka ukutani, mtoto akaitwa mchafu bure. Fundi Filbert, tunamwita Pima Maji, kayatoa yote, kakwangua na saruji ya zamani, ukuta uko uchi. Sasa hataki kubandika mapya! Kakaa anatafuna kashata.

— We Pima Maji, wakwe waje waone matofali?

— Shangazi, ukuta mbichi. Kila siku nikiushika, chepechepe. Nikibandika hivi hivi, marumaru yatamdondokea mama mkwe kichwani.

— Mama yangu! Badala ya mahari tujadili PF3 ya polisi ya kwenda nayo hospitali!

Nikacheka mpaka kahawa ikamwagikia khanga. Nurdin wa chumba cha mbele, anauza spea ndo maana tunamwita Spea, akaweka kikombe chini.

— Hayo ni malori. Yakipita, ardhi inatikisika, maji ya chini yanapanda ukutani.

— Yanapanda kwa ngazi?

— Taratibu tu. Mwenda pole hajikwai.

— Malori wapi! akadakia Onesphory wa chumba cha uani, tunamwita Profesa ila hajafundisha hata kuku. — Ukuta una kumbukumbu. Mmeuvua nguo uliyoizoea, unalia.

— Sasa tuubembeleze? nikamuuliza.

— Uchapwe! Spea akadakia. — Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Mi nimeuwashia feni kutwa nzima, Pima Maji akajitetea.

— Ndo mmeharibu! Spea akaruka. — Feni limeupiga, umepata mafua. Yale siyo maji, kamasi zile!

Mbavu zangu! Nacheka, ila roho iko juu. Ritha keshashona gauni.

— Shangazi, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Profesa, ukuta ninao! Nataka ukauke!

Hapo akapita jirani yetu Sudha, mama Hinal, na kapu lake la bamia. Nikamshika mkono, nikammwagia yote.

— Pole, Shangazi. Na hivi bafu limebomolewa, siku hizi mnaoga wapi?

Profesa akaficha ndala zake chini ya benchi, zinachuruzika. Spea kavaa taulo shingoni, limelowa. Pima Maji mwenyewe, kila jioni anajisuuza vumbi humohumo bafuni ndo arudi kwao, akameza kashata bila kutafuna. Mimi? Sabuni ya kuogea bado inaninukia mwilini.

Mama Hinal ndo alianza kucheka. Nikacheka mpaka nikakaa chini! Nikachomoa funguo ya bafu kifuani.

— Mama Hinal, kaa nayo. Mpe fundi tu, na fundi akitoka na maji mwilini, nipigie kelele. Mimi nikija hata kwa machozi, usinipe.

— Sasa Shangazi, Spea akauliza, — mpaka Jumapili sisi tutaoga wapi?

Wote wakaniangalia. Muuza kahawa akatikisa birika, tupu.

— Kahawa imeisha. Na kesho mkija, msikae karibu karibu.