Kofia ya Konstebo Oxtoby

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo sina habari njema. Konstebo Ambrose Oxtoby wa hapa Skelby ametutoka. Amefariki Jumapili, kitandani kwake, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Wengi mlimjua kama mzee mrefu, mkali, asiyetaka mchezo. Mimi mwenyewe alishanivuta sikio kwa kupanda baiskeli pale wanapopita waenda kwa miguu. Siku aliyostaafu, Sherifu wa kaunti alikuja kumpongeza, amevaa mahameli na soksi ndefu, upanga kiunoni. Zamani masherifu ndio waliokamata wezi; siku hizi hukata utepe. Oxtoby alimtazama juu mpaka chini, akamuuliza kama huo upanga ulishawahi kukata hata jibini. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Yeye hakucheka. Oxtoby hakuwa mtu wa kucheka, na leo nataka mjue kwa nini.

Turudi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mtu wetu akiuawa na mabomu kule Hull, mji wa bandari walikokwenda wengi wetu kufanya kazi, polisi wa huko walipiga simu kwenye kituo chetu, na Oxtoby akapanda baiskeli kupeleka habari kwa wenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, nyumba kwa nyumba. Na alikuwa na kawaida moja. Hakuvua kofia yake ya polisi barabarani, hata jua liwake vipi. Aliivua mbele ya lango la mfiwa tu.

Basi watu wakazoea kuangalia kichwa chake. Kofia ikiwa kichwani, salama. Kofia ikiwa mkononi, kuna msiba, na mtaa mzima hufunga mapazia ya mbele, kama tunavyofanya kwa heshima ya maiti.

Sasa sikilizeni. Kiangazi cha mwaka arobaini na moja, Oxtoby alikwenda kwa Bi Nellie Harker, mjane wa Mtaa wa Tanner. Alikwenda kumwonya tu kwamba pazia lake linavujisha mwanga, na amri ya kuficha taa usiku, ndege za adui zisiuone mji, ilikuwa kali. Joto lilikuwa limemzidi. Alipofika langoni akavua kofia, akajifuta jasho.

Alisahau, wasikilizaji. Alisahau tu.

Bi Harker alikuwa dirishani anamenya viazi. Alikuwa na mtoto mmoja duniani, Winnie, mfanyakazi wa kiwanda cha risasi kule Hull. Oxtoby alipoinua macho, mapazia ya mtaa mzima yalikuwa yamefungwa, na Bi Harker alikuwa sakafuni.

Alimwinua, akamwapia kwamba Winnie ni mzima. Bi Harker alimzaba kofi, kisha akalia, kisha akacheka mpaka majirani wakacheka naye. Lakini moyo wake haukutulia. Akamwandikia Winnie aje, amwone kwa macho yake. Winnie alikuwa binti mwema. Akabadilishana zamu na mwenzake, akaja Jumamosi, wakala pai ya sungura. Akarudi Hull kuilipa ile zamu ya mwenzake. Usiku huo kiwanda kikapigwa. Winnie hakutoka.

Simu ilipokuja, sajini alitaka kumtuma mtu mwingine. Oxtoby akakataa. Akaenda mwenyewe, akasimama pale pale langoni, akavua kofia.

Hakuna pazia lililofungwa. Watu walimpungia mkono. Bi Harker akafungua mlango, anatabasamu.

“Joto tena, Bwana Oxtoby? Ingia basi, nikupe maji, usije ukatuua kwa hofu mara ya pili.”

Akaingia. Akapewa maji. Binti wa Oxtoby, Thelma, alinisimulia jana yaliyofuata, na alisimulia kwa shida.

“Baba alisema aliyanywa polepole sana. Aliniambia, ‘Thelma, mpaka glasi ile iishe, Winnie alikuwa bado hai kwa mama yake.’”

Kisha akaweka glasi mezani, akasema.

Bi Harker alijua kwa nini Winnie alikuwa kwenye zamu ile. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakumlaumu Oxtoby kwa neno hata moja. Oxtoby alimwambia Thelma kwamba afadhali angemlaumu. Inaniuma kuyasema haya, kwa sababu mtu huyu tulimwita roho ngumu.

Thelma, poleni sana wewe na wanao. Sisi wa redio tunalia nanyi. Mazishi ni Ijumaa.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini nami kidogo. Hivi sasa, mahali fulani, kuna askari au muuguzi yuko njiani kwenda kumwambia mama jambo ambalo bado halijui. Mwombeeni. Na huyo mama, kama yuko jikoni anaimba, mwacheni amalize wimbo wake.