Kichwa cha Sponji

Benchi la kijiwe hiki ni mifupa ya sofa ambayo aliyeileta kutengenezwa hakurudi kuichukua. Liko mbele ya karakana ya fundi makochi, na ukikaa upande wa kushoto, springi inakukumbusha kuwa maisha si mteremko. Fundi mwenyewe wanamwita Trekta, si kwa ukubwa wa mwili, bali kwa koromo lake, maana limewahi kumwamsha jirani wa nyumba ya tatu. Yupo Wakili, ambaye sheria hakuisoma ila ameshtakiwa mara nyingi. Yupo Betri, fundi redio, ambaye kila chenye waya anakitilia shaka. Kahawa ni ya Mama Birika, na ulimi wake una moto kuliko hiyo kahawa. Mchana ule Trekta hakuwa na raha. Kikombe kilikuwa kimepoa mkononi, na macho yalikuwa kwenye simu.

— Hebu soma tena, alisema Wakili.

— "Matumizi ya mashine yako ya kupumulia usingizini yana utata. Ofisi ya bima itawasiliana nanyi."

— Utata! Mtu mwenye nia njema hasemi utata.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Daktari alimwambia Trekta kuwa akilala koo linajifunga, pumzi inakatika, na siku moja inaweza isirudi. Dawa yake ni mashine ya kusukuma hewa, yenye barakoa ya kuvaa puani. Bei yake hata akiuza karakana haifiki. Bima ya kazini kwa mkewe, anayefua mashuka hospitalini, ilikubali kulipia mashine pamoja na barakoa na mipira yake, kwa sharti moja: avae kila usiku. Mama wa watu alikihangaikia kibali kile mpaka soli za viatu zikaisha. Lakini barakoa ilimkaba Trekta, na kijiwe kikamalizia kazi. Bima itoe kitu bure? Ina lake jambo!

Basi Trekta akachonga kichwa cha sponji, akakishonea kitambaa cha kochi, pua na mdomo vikakaa mahali pake. Akamwambia mkewe anahamia sebuleni, eti mvumo wa mashine usimsumbue. Kila usiku alikivisha kichwa barakoa, akakifunika shuka, akawasha mashine, kisha akanyata kwenda kulala karakanani. Mpaka asubuhi ile alikuwa akijisifu kimoyomoyo, maana ile pua ilikuwa nzuri kuliko yake.

— Sasa wamejuaje? aliuliza.

— Ile mashine ina laini ya simu ndani, Betri alisema. Kila kukicha inapeleka umbea.

— Umbea gani?

— Ndoto zako, bwana! Wanazitaka ndoto zako.

— Sponji haioti, Betri.

— Ndo maana wameshtuka!

— Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, alidakia Wakili.

— Barakoa inavaliwa usoni wewe, si nguoni, alisema Mama Birika.

— Mama, mimi naongea sheria. Jiulizeni, kwa nini kila baada ya muda wanaleta barakoa mpya? Ile kuukuu wanataka irudi na nini? Na pumzi! Wanakusanya pumzi za watu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wazipeleke wapi?

— Kuna tajiri mahali anazivuta.

Trekta alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Wakili akateremsha sauti.

— Au kuna msaliti. Habari za kichwa tunazijua sisi wanne tu.

— Mbona unanitazama mimi? Betri alifoka.

— Sijakutazama. Ila juzi kuna mtu mwenye tai alikunywa kahawa hapa, na Mama Birika akamwongezea kikombe.

— Nauza kahawa, siuzi watu! Na wewe uliyemwomba sigara je?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Wakili alijibu, na hakuna aliyeelewa ana maana gani, hata yeye.

Trekta aliwatazama mmoja mmoja. Miaka yote hiyo amecheka nao, na sasa kwa mara ya kwanza alijiuliza wanasema nini akishainuka. Iliuma.

Hapo akatokea mkewe, na gauni la kazini, mikono bado imekunjamana kwa maji. Hakuwahi kukanyaga kijiweni. Wakili alisogea haraka.

— Karibu shemeji, keti.

— Sikai. Baba watoto, bima wamenipigia. Wamenipa pole.

— Pole ya nini?

— Wanasema mashine inapeleka hewa kila usiku, ila aliyevaa havuti wala hatoi. Yule binti akaniuliza taratibu, marehemu alifariki lini, ili wafunge faili. Nikamwambia mbona leo asubuhi amekunywa chai? Nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani, nikafunua shuka.

Mama Birika alianza kucheka, akajiziba mdomo. Mke wa Trekta hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha mumewe.

— Tangu tuoane nimelala jicho moja wazi. Ukinyamaza nakutikisa, unashtuka, unavuta, na mimi naibia usingizi kidogo. Ilipokuja mashine nikawa naisikia inavuma sebuleni, nasema afadhali, mume wangu anapumua. Nikalala fofofo. Kumbe wewe uko karakanani.

— Nilikuwa... ndiyo.

— Haya, niambie. Huko karakanani, pumzi ilipokatika, nani alikuwa anakutikisa?

Trekta alikumbuka jinsi alivyokuwa akiamka kila siku kichwa kinagonga na kifua kinauma, akaisingizia gundi ya makochi. Aliogopa, hofu ya kweli, na safari hii hakuiogopa bima. Mkewe akawageukia wale wengine.

— Nawauliza na nyinyi, shemeji zangu. Nani?

Betri akainuka, akamwambia Trekta waende wakaivue ile barakoa kwenye sponji.