Magurudumu Mapya ya Baiskeli ya Mama Mkunga

Kahawa ilikuwa inapoa na hakuna aliyeijali. Benchi letu la kona, pale ukutani kwa Kinyozi, lilikuwa limegeuka gereji. Juu yake imepinduliwa baiskeli ya Mama Mkunga, ile nyeusi ya chuma kizito aliyoipanda enzi zake akienda kuzalisha wake za watu. Magurudumu yake yalikufa kwa kutu. Mwanawe, tunayemwita Spoku, kamletea mapya ya kisasa. Baiskeli isipotembea leo, kaka yake Spoku anaipeleka kwa wauza chuma chakavu, na Mama alilia juzi kwa ajili hiyo. La mbele liliingia bila maneno. La nyuma limegoma kuingia kwenye uma, vile vyuma viwili vinavyolishika.

— Uma umekonda, — akasema Kinyozi. — Uzee huo. Hata mimi suruali zinanivuka siku hizi.

— Acha uongo! Gurudumu ndilo limevimba, — akadakia Redio, mtu asiyejua kunyamaza. — Limekuja kwa meli. Jua la baharini unalijua wewe?

— Tangu lini chuma kikavimba?

— Cha siku hizi kinatiwa hamira!

— Basi tulilaze kivulini linywee.

— Mnanipotezea muda! — Spoku akafoka, jasho linamchuruzika. — Ekseli za kisasa ni ndefu, basi. Tanueni uma! Kinyozi vuta huku, Redio kule. Taratibu, msiukunje!

Wakavuta. Redio akaegemeza mguu ukutani, akavuta tena. Tak! Gurudumu likakaa, Spoku akakaza nati, akalizungusha. Limenyooka, halina hata mlio. Tulishangilia mpaka mteja wa Kinyozi akatoka na nusu ya kichwa haijanyolewa. Nilifurahi utasema ni yangu.

Tukaisimamisha chini. Mama akafika, akaizunguka, akaminya breki.

— Wanangu, hii inasimamaje?

Tukainama wote. Rimu mpya nyembamba. Raba za breki za zamani zinapita pembeni bila kuigusa.

— Inasimama... — Redio akaanza, akisukuma raba kwa kidole.

— Nikingoja mjue, kaka yenu atanikuta hapa.

Akapanda. Akapita duka la vitambaa, akapita mashine ya kusaga, kengele inalia, kichwa juu, na barabara ile inateremka! Nyuma yake wanaume wazima wanne tunatimua mbio, Spoku kanyoosha mikono kwenye keria ya nyuma.

— Mama, usiogope! — Redio akapiga kelele, pumzi hana. — Breki ni sisi!

— Basi msiniguse mpaka niseme! — akajibu, akazidi kukanyaga.