Miguu ya Ekoba Sapkal

Ndugu, jamaa na majirani, anayewasomea ni mdogo wake marehemu, ingawa sisi watawa hatusomi wala hatulii kwenye misiba ya kwetu, kwa kuwa siku ya kuvaa vazi hili tulijifanyia matanga wenyewe, tukahesabiwa wafu, lakini shemeji Sushila alinikazia macho akasema, "Utasoma," basi nasoma.

Ekoba alizaliwa tarehe 14 Juni 1948, hapa hapa karibu na Phaltan, mtoto wa kwanza wa kinyozi Rangnath, akasoma hadi darasa la saba, mwaka 1961 akashika wembe wa baba, na tarehe 9 Mei 1970 akamwoa Sushila, wakajaliwa mabinti wawili, Kesar na Manda.

Agosti 1974 yeye ndiye aliyeninyoa kichwa niingie utawani, nikamsihi tuende wote, akacheka, "We! Baba atanyolewa na nani, na nyati wetu wa maziwa atakamuliwa na nani? Sisi tunaomwabudu mungu Vithoba hatuna viapo wala mkuu, tuna shanga shingoni na ndara."

Kila mvua zilipoanza alitembea na wenzake kwenda kuhiji hekalu la Vithoba kule Pandharpur, wakiimba, na akifika langoni pa nyumba yetu ya watawa, vumbi hadi magotini, alinitania, "Umeacha nyumba ya chumba kimoja, ukahamia ya vyumba arobaini!", akanipa bhakri, mkate wetu wa mtama, na kitunguu, jamani, ile bhakri, kisha akainama akanishika miguu, kama wafanyianavyo wao kwa wao, mkubwa kwa mdogo, tajiri kwa maskini, na anayeshikwa huinama naye. Mimi sikuinama, kanuni yetu inakataza kumwinamia mwenye mke na watoto, naye alingoja kidogo, akatabasamu, akaenda zake. Miaka arobaini na minne alingoja hivyo.

Figo zilimlaza Novemba 2018, akafariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2019, na siku tatu kabla alimwuliza Manda, "Mtawa wetu hajaja?" Habari kwamba ananiulizia zilinifika, nikasema nimalize kwanza ibada za wiki. Nimefika leo asubuhi, nikamkuta amelazwa hapa mbele yenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, vinyozi wenzake wa sokoni, na wote wa msafara wa Pandharpur.

Wakuu wangu wataniita nijieleze, na waniite tu. Manda, mwanangu, nishikie karatasi hii, nahitaji mikono yote miwili. Nyoosha miguu, kaka, upumzike kwa amani.