Malachy Gilrane, Dereva wa Barabara ya Cornashee

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Mzee Malachy Gilrane anastaafu baada ya kuendesha basi la shule yetu kwa miaka thelathini na minne.

Alipoanza kazi, watoto walibanana watatu watatu kwenye kiti, na nyuma ya kila geti la barabara ya Cornashee kulikuwa na ng'ombe wa maziwa. Kisha kiwanda cha maziwa kikafungwa. Vijana wakaenda Dublin na Boston, mashamba yakauzwa, na kampuni za mbao zikapanda misonobari hadi milangoni mwa nyumba tupu. Leo basi linabeba watoto tisa. Tukipungua, shule itabaki na mwalimu mmoja.

Mzee Malachy hakuwahi kuchelewa, isipokuwa siku ile kondoo dume wa Bi Bridie McTernan alipopanda basini akakataa kushuka. Ilibidi naye aletwe shule.

Hana mke wala mtoto, ila ana shamba, nalo ndilo la mwisho lenye malisho kwenye barabara hiyo. Alikuwa akilikodisha kwa jirani yake, Donal Keaney, kwa miezi kumi na moja tu kila mara, kama ilivyo desturi yetu, ili mpangaji asije akadai ardhi.

Mwezi wa Februari tuliona vigingi vyekundu shambani mwake. Kampuni ya mbao ilikuwa imekuja kupima ardhi ya kupanda miti. Kwetu, kumuuliza mtu shamba lake litakwenda kwa nani ni kukosa adabu kabisa. Wazazi walimsalimu, wakazungumzia mvua, wakaondoka na wasiwasi wao.

Oisín, mwenzetu mpenda utani, ndiye aliyeanza. "Mzee Malachy, mwakani basi hili litabeba kulungu wa msituni badala yetu?"

"Afadhali kulungu, hawana mdomo kama wako." Lakini hakucheka.

Ndipo Sadhbh, binti wa Donal mwenye miaka sita, akauliza, "Huko Australia kuna majani ya kondoo? Baba anasema tutahamia, kwa sababu hutaki tukae kwenye shamba lako."

Basi likasimama katikati ya barabara.

"Nani kasema sitaki? Baba yako hajaniuliza hata siku moja!"

"Mama anasema haiulizwi."

Kumbe Mzee Malachy aliona kimya cha Donal akadhani hana haja na shamba. Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa akina Keaney, na hakungoja hata kukaribishwa.

"Donal, bwana wee, unalitaka shamba au nipande miti?"

"Nalitaka tangu sijaoa, Malachy. Niliona haya."

Sasa akina Keaney wamekodishiwa shamba kwa miaka kumi na mitano. Septemba mdogo wake Sadhbh anaanza shule, na tutakuwa kumi. Hatujui kama kumi watatosha, lakini basi litaendelea kupita Cornashee.

Asante, Mzee Malachy, kwa kutufikisha kila siku. Tunakuombea afya njema, na asubuhi nyingi za kulala hadi usingizi ukuchoke.