Mshauri wa Hita Aliyeoga kwa Ndoo

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika duka letu la hita za maji, Bi Mvuke atavua koti lake la buluu na kustaafu. Jina hilo alipewa na mafundi wa stoo wiki yake ya kwanza kazini, alipofungua koki isiyotakiwa kufunguliwa na kutoweka ndani ya wingu la mvuke mbele ya meneja. Alipotokea, amelowa chapachapa, alisema tu kwamba hita ile inafanya kazi vizuri. Jina likamganda.

Alianza stoo, akigawa viungio vya bomba na kuwafokea wanaorudisha spana zikiwa na matope. Akajifunza ufundi, akawa anafunga hita majumbani mwenyewe, enzi ambazo wenye nyumba walimfungulia mlango kisha wakachungulia nyuma yake kumtafuta fundi. Magoti yalipoanza kulalamika, akahamia chumba cha maonyesho kuwa mshauri wa wateja. Hapo ndipo watu wengi walipomjua.

Mteja akiingia akauliza hita ipi ni bora, Bi Mvuke hakumjibu. Alimvutia kiti, akamuuliza: kwenu mko wangapi, mnaoga saa ngapi, na nani anaimba bafuni? Watu walicheka swali la mwisho, lakini yeye alikuwa hatanii. Mwimbaji humaliza tangi zima, na anayemfuata huachiwa maji ya kutetemekea. Hita ya tangi huchemsha maji mapema na kuyatunza, kwa hiyo mabafu mawili yanaweza kutumika kwa pamoja bila ugomvi. Ila yakiisha, mtasubiri. Ya papo hapo haina tangi, huyapasha maji yakiwa njiani, na hayaishi hata mtu aimbe mpaka sauti ikauke. Lakini inataka umeme ulioshiba na waya mnene, na mtu akifungua koki ya jikoni wakati wewe una povu kichwani, utajua hujui.

Tunamkumbuka baba mmoja aliyekuja ameshikilia kwamba anataka ya papo hapo, kwa kuwa aliiona hotelini. Bi Mvuke alimwomba arudi na mke wake na mabinti zao wote. Walipofika aliwapanga mbele ya mabafu ya maonyesho, kila mmoja na taulo begani, akawaambia wajifanye ni asubuhi na gari la shule limeshapiga honi. Vurugu iliyotokea haielezeki. Baba alisimama pembeni akitazama wanawe wakisukumana kwa vicheko, kisha akasema taratibu, "Nipeni tangi." Utaratibu wetu wa leo, wa kutomuuzia mtu hita kabla ya kujua maisha ya nyumba yake, ulianzia kwa mama huyu.

Sasa jambo ambalo wengi hamlijui. Kwa karibu muda wote huo, nyumbani kwake mwenyewe, Bi Mvuke aliogea ndoo.

Tuligundua alipougua homa na mhasibu wetu akaenda kumjulia hali. Alirudi ofisini na habari ambayo hakuweza kuimeza: bafu lina vigae safi, ukutani kuna mabomba mawili yaliyozibwa vizuri, na chini kuna ndoo, kopo na birika. Alipopona tulimcheka hadi akaweka kikombe chake mezani na kutueleza.

Mume wake ni mchomeleaji wa mabomba makubwa. Sisi tunamwita Shemeji. Walipomaliza kujenga bafu lile walianza kubishania hita: yeye mume alitaka tangi, mke alitaka ya papo hapo. Kabla hawajaafikiana, Shemeji akapata mkataba nchi ya mbali, akaondoka. Walikubaliana kwamba hakuna kufunga chochote mpaka wawe wote wawili nyumbani.

Mkataba ule ulizaa mwingine, na huo ukazaa mwingine. Likizo zilikuwa fupi, na nyingine zilifutwa kabla hajafunga begi. Ndoa ikahamia kwenye simu ya mapokezi, saa ya chakula cha mchana, na sisi tuliokula nyuma ya ukuta wa mbao tulisikia kila neno, maana Shemeji alikuwa anaongea kama yuko juu ya mtambo hata akiwa chumbani kwake.

"Hilo tangi lako ni mgeni asiyeaga," Bi Mvuke alisema. "Limelala tu linakula umeme."

"Na hiyo yako umeme ukipepesa kidogo tu naachwa na sabuni machoni! Mimi nataka nikifika nikute maji tayari."

"Wewe fika kwanza."

Tulimwona Bi Mvuke kupitia upenyo wa mlango akiwa bado ameshika simu sikioni, akizungusha waya wake kidoleni.

Mwaka mmoja Shemeji aliahidi kurudi moja kwa moja. Bi Mvuke alichukua likizo, akasuka nywele, akapaka rangi mlango wa mbele. Siku chache baadaye tukamkuta kazini asubuhi, anafuta vumbi kwenye hita za maonyesho. Shemeji alikuwa amehamishiwa mradi mwingine. "Likizo yangu nimeiweka akiba," alisema, akaendelea kufuta hita ambazo tayari zilikuwa zinang'aa. Hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Meneja alipotaka kumfungia hita kama zawadi ya utumishi, alikataa. Meneja akadhani ni unyenyekevu, akasisitiza. Bi Mvuke akamwambia, "Bosi, nikifunga peke yangu nitakuwa nimekubali kwamba naishi peke yangu." Zawadi ikawa saa ya ukutani.

Watoto wao walikua, wakaolewa na kuoa, wakahama. Nyumba ikabaki na mtu mmoja na birika.

Mwaka jana, bila kupiga simu, mzee mmoja mwenye mvi aliingia chumba cha maonyesho na begi moja. Bega lake la kulia lilikuwa limelegea. Mkono haukupanda juu ya kifua. Sisi hatukumtambua mpaka aliposalimia. Sauti ile! Mhasibu alitoka ofisini mbio. Bi Mvuke alikuwa anamweleza mama mmoja kuhusu uimara wa ukuta unaobeba tangi. Aligeuka, akamwona, akageuka tena kumalizia sentensi yake, lakini maneno yalikataa. "Samahani mama," akasema, "nina mgeni." Akavuka chumba kile kizima akiwa ameweka kiganja mdomoni.

Tulijua Jumatatu ataagiza hita. Hakuagiza. Wiki zikapita. Tukadhani labda bado wanabishana, tukafurahi kwa niaba yao, mpaka siku moja mezani alipotuambia hali ilivyo.

"Habishi," alisema. "Nikimuuliza tangi au papo hapo, ananijibu, weka unayotaka wewe. Nikimuuliza chai au uji, chochote tu mama. Anakunja blanketi lake asubuhi kama mtu wa bweni. Anagonga mlango wa chumba chake mwenyewe." Akasukuma sahani pembeni. "Amerudi, lakini yule aliyeondoka bado namsubiri."

Tulikuwa tumezoea kumhurumia kwa umbali wa nchi na nchi; huu wa meza na kiti hatukuujua.

Jumamosi moja alimleta Shemeji dukani. Hakumpitisha kwenye hita za nyumbani. Alimpeleka moja kwa moja hadi mwisho wa chumba, kwenye lile tangi kubwa tunalouzia mabweni na hospitali, lenye urefu kupita mlango, akalipiga kofi.

"Nimeamua," akasema. "Hili hapa."

Shemeji alilitazama kuanzia chini hadi juu. "Sawa, ukipenda."

"Litakaa sebuleni. Makochi tutayatoa nje."

"Sawa."

"Na kila Jumamosi tutalijaza."

Shemeji akalizunguka tangi upande mmoja, akarudi. Tuliona shingo yake ikianza kuvimba.

"Pipa hili?" akalipuka, na madirisha yakatetema. "Wewe mwanamke, unataka kuogesha mtaa mzima? Watu wawili, bafu moja! Mshauri gani wewe? Hawa wateja wako wamepona vipi?"

"Basi tuchukue ya papo hapo!"

"Papo hapo gani, na umeme wa mtaa wetu ukifika jioni taa zote zinasinzia? Tangi dogo! La watu wawili! Unaliwasha mchana umeme ukiwa na nguvu, jioni maji yapo. Nilikwambia tangu bafu halijakauka simenti!"

Duka zima lilisimama. Bi Mvuke alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka kwa pamoja, amemshika mume wake ule mkono ulio mzima kama mtu anayeogopa asije akachukuliwa tena. Kisha, mbele yetu wote, mshauri wetu mkuu akasema maneno ambayo hatukuwahi kumsikia akiyasema kazini: "Uko sahihi." Kwa umeme wa mtaa ule, kwa kweli alikuwa sahihi, na Bi Mvuke alilijua hilo miaka yote.

Tangi dogo walilifunga wenyewe. Bi Mvuke alipanda ngazi kwa magoti yake yale yale. Shemeji, ambaye mkono haupandi, alisimama chini akishika ngazi na kukosoa kila skrubu. Mhasibu alikaribishwa kuliona. Anasema lipo imara ukutani, ila limeinama kidogo sana kushoto, na kila mmoja anadai kosa ni la mwenzake.

Leo tunamuaga, na tukubali tu kwamba hatuko tayari. Wateja wataingia wakimuulizia kwa jina lake la utani, na sisi tutawavutia kiti na kuwauliza maswali yake kwa sauti zetu zisizo na uzito wake. Saa ya chakula cha mchana itakuwa kimya.

Bi Mvuke, asante kwa kila nyumba ambayo watoto wake waliamka asubuhi wakakuta maji ya moto kwa sababu yako. Asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutufokea inavyostahili. Tunakuombea wewe na Shemeji afya, raha na siku nyingi ndani ya nyumba moja. Na ukitukumbuka, dada yetu, tafadhali usipige simu. Njoo mwenyewe.