Dada Yetu Aliyehesabu Upya

Ndugu waombolezaji, mapadri, mashehe, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu, familia imenituma mimi, mdogo wa mwisho wa marehemu, niwasomee maisha yake, na naomba radhi mapema, kwani dada yetu alikuwa kiguu na njia tangu utoto, na kumfuata hata kwenye karatasi kunachosha.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970 na sekondari hadi 1974, ambako walimu waliandika kwamba ana akili lakini hatulii, jambo ambalo mama alilijua bila kulipa ada.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kuwa karani wa masjala ya hospitali, akaandika kwa miaka thelathini na mitano waliozaliwa, waliolazwa na waliofariki, na ole wake daktari aliyeandika jina nusu. Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na fundi saa, mtu mpole aliyependa kusema kwamba saa moja tu ilimshinda, nayo ndiyo aliyoioa, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, kabla shemeji yetu hajatangulia tarehe 5 Mei 2009.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, tukasema, haya, sasa atakaa. Thubutu! Mwaka uliofuata alichaguliwa katibu wa umoja wa makanisa, misikiti na vyama vya kiraia, uliokusanya habari za watu waliofia mahabusu na kuzipeleka kwenye kamati ya kimataifa ya haki za binadamu, ambayo huisikiliza ripoti ya serikali na kuilinganisha na ya wananchi. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari, meza moja, viti sita, na feni iliyopeperusha ushahidi.

Makanisa yalileta orodha yao, misikiti yao, naye akaziunganisha kwa majina, kama alivyozoea masjala, wakawa watu arobaini na wawili. Oktoba 2014, mbele ya kamati, mjumbe wa serikali alionyesha kwamba namba saba na namba ishirini na tisa ni kijana mmoja, aliyekuwa na jina la ubatizo kwa mama yake na jina la Kiislamu kwa baba yake, akauliza, ikiwa watu wa dini wanaweza kuzua maiti, hao wengine wamewaokota wapi? Orodha nzima ikawekwa kando, na umoja, kwa aibu na haraka, ukayafuta majina yote mawili.

Tarehe 11 Novemba mama wa kijana alifika ofisini, akakataa kiti, akamwambia dada yetu kwamba alizaa mmoja, wao wakampa wawili, na leo hata huyo mmoja hana. Dada alirudi nyumbani akalia mbele ya wanawe, na tuliomjua tunajua hilo lilikuwa jambo geni, akasema kosa ni lake, si la padri wala la shehe.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kuanzia Januari 2015 alizunguka nyumba zote arobaini na moja, kila mara na mtu wa kanisa na mtu wa msikiti, akiuliza siku, kituo, na nani aliuosha mwili, kwa sababu, alisema, majina huchanganya lakini aliyeosha hasahau. Wapo waliomfungia mlango, wapo waliompigia simu za vitisho, na wanawe walipomnunulia kiti cha kupumzikia akakipangia majalada. Aliyemwosha namba saba alikuwa amehama, wenzake wakachoka, wakasema arobaini wanatosha, naye akasema arobaini hapeleki, akamtafuta mpaka akampata mwaka 2020. Orodha ilitumwa tarehe 2 Machi 2021.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akalazwa Aprili mwaka huu wa 2022. Tarehe 6 Septemba ilifika barua ya kamati, ikiitaka serikali ijibu kuhusu watu arobaini na mmoja, mmoja baada ya mwingine. Binti yake alimsomea kitandani, naye akimkatiza, aruke, aruke, mpaka namba saba, na aliposikia majina yote mawili kwenye mstari mmoja, akaagiza mama wa kijana aitwe upesi, akaja, wakashikana mikono muda mrefu. Alifariki tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomvumilia mgonjwa aliyewakagulia majalada, majirani waliotupikia, wenzake wa umoja, na mama wa namba saba, aliyekaa leo na familia kwa agizo la marehemu.

Dada, serikali inatakiwa kujibu kabla ya tarehe 30 Novemba, na mpaka asubuhi hii haijajibu. Likija jibu, tutakuja hapa kukusomea lote, bila kuruka. Pumzika kwa amani, ukiweza.